Klasiki Haiishii Kwenye Ndoa

Maharusi wakiingia ukumbini hapa Lubumbashi, mpiga kinanda hana haja ya kuuliza: ni machi ya harusi ya Mendelssohn. Mtoto akianza piano, ni "Für Elise" ya Beethoven. Ndiyo maana klasiki inasemwa maneno mengi. Tuyapime matatu.

"Klasiki yote tumeshaisikia." La, tumesikia vipande vichache mara nyingi. Machi ile iliandikwa mwaka 1842. Mwaka huohuo, kule Leipzig, Robert Schumann aliandika kwinteti yake, opus 44, ya piano, fidla mbili, viola na selo. Desemba, mkewe Clara, aliyekuwa aipige, alipougua, aliyekaa kwenye piano ni Mendelssohn huyohuyo, akaipiga papo hapo bila mazoezi. Kisha akamshauri Schumann arekebishe baadhi ya sehemu, naye akarekebisha. Anayemjua Mendelssohn kwa ndoa tu bado hajamjua.

"Ni muziki wa kuleta usingizi." Sehemu ya pili ya kwinteti hiyo ni mwendo wa mazishi, hatua zake nzito zikikatikakatika. Fidla inaingia na wimbo wa faraja. Baadaye piano inalipuka kwa hasira, na msiba unarudi. Sehemu ya tatu inapanda na kushuka ngazi za sauti mbiombio. Mwishoni kabisa, wimbo wa mwanzo unaungana na ule wa mwisho, vyombo vikifukuzana. Atakayesinzia hapo alikuja na usingizi wake.

"Ni mambo ya Wazungu, tena yanataka okestra kubwa." Kuhusu Wazungu, alishajibu Joseph Kiwele, mtunzi wa Katanga aliyefariki mwaka 1961, kwa Missa Katanga yake. Kuhusu ukubwa, kwinteti ni watu watano, hakuna wa kupunga fimbo. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake. Wapigaji wa karindula, na banjo lao la pipa na ngozi ya mbuzi, wanaijua kazi hiyo vizuri. Na umeme ukikatika, hakuna hata chombo kimoja kati ya vile vitano kitakachonyamaza.

Moja nakubali: machi ya harusi imechosha. Lakini kosa si la klasiki, ni letu tusiosogea mbele. Kwinteti nzima inachukua kama nusu saa. Hotuba za familia mbili kwenye ndoa moja huzidi hapo, na tunazivumilia.