Siku Moja na Mwanafunzi Mwenyeji

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii huchukuliwa kuwa sifa ya ukarimu tu, lakini ndani yake mna jambo jingine: ugeni wa kweli huwafaa watu wawili, yule ajaye na yule ampokeaye. Msafiri anayefikia hotelini, akatembezwa ndani ya gari lililofungwa vioo, hamponyi mtu; naye hurudi kwao na picha tu. Kwa hiyo nashikilia kwamba Mganda anayezuru nchi jirani hawezi kupata mwalimu bora kuliko mwanafunzi wa nchi hiyo, walau kwa siku moja.

Kwa nini awe mwanafunzi? Mwenye kuongoza watalii hulipwa ili aonyeshe yanayopendeza, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Mwanafunzi hana cha kuuza. Huishi kwa fedha kidogo, hivyo ajua nauli ya kila basi na bei ya kila sahani ya wali. Tena ni msomi, na akiulizwa sababu ya jambo hulifikiri kabla ya kujibu.

Nilijaliwa kupata siku ya namna hiyo mjini Dar es Salaam. Kijana wa Chuo Kikuu alinipokea Mlimani, akanionyesha Ukumbi wa Nkrumah, uliopata kuchorwa katika noti ya shilingi 500. Kisha tulipanda basi la mwendokasi pale Ubungo hadi Kariakoo. Huko alinieleza kwamba jina la mtaa ule latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914-1918, na maelfu kwa maelfu wao wakafa. Nairobi nako kuna Kariokor. Ni jina moja na msiba mmoja, lakini ni wangapi wetu wanaojua?

Hata hivyo, somo kubwa lilikuwa katika maneno madogo. Tulipofika kwa mama ntilie, kijana hakusema "Lete chakula." Alisema, "Shikamoo mama, naomba wali na maharage." Naye mama akajibu, "Marahaba mwanangu, karibuni." Sisi wa Uganda tuna sababu ya kulitafakari jambo hilo. Kwetu, kwa miaka mingi, Kiswahili kilisikika kama lugha ya kambini na ya amri. Hata kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, wengi waliendelea kukiogopa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Uamuzi huo ni mwema. Lakini kitabu humfundisha mtoto ngeli za majina. Adabu ya lugha hujifunza kwa kuwasikia wenyewe wakiombana na kuitikiana.

Haya si mageni katika Afrika Mashariki. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Rais Museveni alisoma Dar es Salaam kuanzia 1967 hadi 1970. Katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, vijana walivuka mipaka kwa sababu udaktari ulifundishwa Makerere, uhandisi Nairobi na sheria Dar es Salaam. Chuo kile kilipogawanyika, kila taifa lilibaki na chake. Tulipata vyuo vingi, nalo ni jambo la kujivunia, lakini tulipoteza ile hali ya kulala bweni moja na jirani. Leo Jumuiya ina mataifa 8, tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024. Viongozi wao hukutana. Je, wananchi wao wanakutana wapi?

Napendekeza basi kila chuo kikuu kiwe na orodha ya wanafunzi walio tayari kumpokea mgeni kwa siku moja, awe mwalimu, mkulima au mfanyabiashara. Mgeni na alipe nauli, chakula na posho iliyotajwa mapema, maana si haki kuula muda wa kijana kisha kumwachia neno la asante peke yake. Wakati wa mitihani asisumbuliwe hata kidogo. Nasi tuwapokee jirani zetu vivyo hivyo: mwanafunzi wa Makerere ampeleke mgeni Owino na Wandegeya, si Mengo na makumbusho tu.

Wako watakaosema kwamba vijana watawanyang'anya riziki wenye leseni za kuongoza watalii. Sidhani. Wale hupeleka wageni mbugani na kwenye magofu. Mwanafunzi humpeleka mgeni mahali ambapo hakuna mtalii apelekwaye, yaani katika maisha ya kila siku ya watu.

Kazi hii haihitaji mkataba mpya wala jengo jipya. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake hapa hapa Kampala, nalo lina anwani ya kila chuo kinachohusika. Barua ya kwanza na itoke huko.