Homoni ya Utoto, Kazi ya Utu Uzima

Toleo hili lilikaribia kuchelewa kwa sababu ya jina moja. Waandishi wetu walileta makala kuhusu kemikali ileile ya wadudu, lakini kila mmoja aliiita kivyake: homoni ya ujana, homoni ya utoto, homoni ya lava. Tulibishana siku mbili, tukakubaliana na homoni ya utoto. Nakiri kwamba jina hilo linapotosha, na upotoshaji wenyewe ndio uliofanya niandike tahariri hii.

Mfasiri wa jina hilo asilaumiwe. Jina lilipatikana kihalali kutokana na kazi aliyoifanya Vincent Wigglesworth jijini London miaka ya 1930. Alikuwa akimchunguza Rhodnius, mdudu mfyonza damu wa Amerika ya Kusini, ambaye hupitia hatua tano za utunutu, na katika kila hatua huhitaji mlo mmoja mkubwa wa damu ndipo ajivue gamba. Wigglesworth aliwakata vichwa wadudu walioshiba, nao wakaendelea kuishi. Kisha akawaunganisha wawiliwawili ili damu ya mmoja imfikie mwenzake. Kwa ukatili huo (sina neno jingine) aligundua kwamba kitezi kidogo kilicho nyuma ya ubongo hutoa kitu kinachomzuia mdudu asikomae. Alipompandikizia tunutu wa hatua ya tano kitezi cha tunutu mdogo, hakupata mdudu mzima mwenye mabawa. Alipata tunutu mkubwa wa hatua ya sita, hatua ambayo katika maumbile haipo.

Homoni nyingine, ekdisoni, ndiyo inayomwambia mdudu avue gamba. Hii ya utoto huamua ni nani atakayetokea chini ya gamba hilo. Mpaka hapo jina linafaa.

Shida huanza mdudu akishakomaa. Wigglesworth mwenyewe aliona kwamba jike wa Rhodnius akiondolewa kitezi hicho, mayai yake hayakui. Nzige dume wa jangwani naye, akikikosa, hageuki manjano wala hashughuliki na majike. Mmoja wa waliomchunguza nzige huyo ni Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma kwa Wigglesworth kule Cambridge, kisha mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Kwa hiyo homoni inayomzuia mtoto asikue ndiyo hiyohiyo inayomwezesha mkubwa azae.

Tukija kwenye vyeo vya wadudu waishio kwa jamii, mambo yanazidi kuchanganya. Lava jike wa nyuki, katika siku zake tatu za kwanza, anaweza kuwa malkia au kibarua. Akiendelea kulishwa kimalkia, homoni ya utoto humpanda mwilini, na ovari zake hukua badala ya kunyauka. Ungetarajia basi malkia mzima awe na homoni hiyo tele. Sivyo, huwa nayo kidogo tu. Mwenye nayo nyingi ni kibarua mzee anayetoka kutafuta chakula, huku wadogo zake wanaolea ndani ya mzinga wakiwa nayo haba. Kwa mchwa, kibarua akizidiwa na homoni hiyo hugeuka askari. Kwa nyigu wa jenasi ya Polistes, majike wanaoanzisha kiota pamoja hugombea ukubwa, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye vitezi vikubwa zaidi vya homoni hii.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita homoni hii mtawala wa mdudu. Ondoa vibarua wazee mzingani, na wadogo watatoka kutafuta chakula kabla ya umri wao, homoni ikiwapanda. Ondoa walezi, na baadhi ya wazee watarudi kulea, nayo itawashuka. Hali ya mzinga ndiyo inayoipandisha na kuishusha. Neno malkia nalo lina kasoro hiyohiyo: yule anayeweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku hatoi amri kwa yeyote, na hata kuwa malkia kulitokana na walezi waliomlisha.

Wapo watakaouliza faida. Wasome makala ya dawa ya mbu katika toleo hili: piriproksifeni huiga homoni hii, na ikitiwa kwenye maji, lava wa mbu hufikia hatua ya bundo (pupa) na kuishia hapo. Mbu waliokwisha kuruka haiwaui, kwa hiyo asiyeijua hudhani ameuziwa maji matupu. Mizizi ya dawa hiyo iko kwenye utafiti wa maabara kuhusu kitezi kidogo cha mdudu.

Kuhusu jina, hatujaridhika bado. Wafugaji wa nyuki, walimu wa biolojia na wataalamu wa lugha mlio na neno linalobeba utoto, uzazi na cheo kwa pamoja, tuandikieni. Tutalichapisha toleo lijalo, na sisi tutakuwa wa kwanza kulitumia.