Difu Halijafa!

Nina ugomvi na nyie waandishi wenzangu, na leo nautoa hadharani. Nimezisoma hadithi zenu. Gari likiwa zima "linapasua lami". Likikwama "linaharibika". Anakuja fundi, hana jina, hana hata spana mkononi, "analitengeneza", na mara shujaa wenu yuko hotelini na binti wa waziri. Basi! Mnajua majina ya mvinyo ambao hamjawahi kuuonja, lakini krosi ya propela, ambayo imewahi kuwalaza njia ya Nyamuswa usiku kucha pamoja na mbuzi wa watu, hamna neno la kuiita.

Mshikaji wangu mmoja, naye anaandika, nilimsomea sura ya pili ya riwaya yangu. Akasema: "Hayo makorokoro ya gereji, bwana. Siyo fasihi." Siku ile sikumjibu. Namjibu sasa, kwa kisa cha Land Rover ya baba mdogo.

Ni 109, Series II A, ya miaka ya sitini. Ilikuja na injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo ilishauzwa chuma chakavu kabla sijazaliwa. Leo imebeba injini ya dizeli ya Toyota, 3L, iliyotolewa kwenye Hiace, ikaungwa na giaboksi ile ile ya zamani kwa pleti iliyokerezwa Mwanza. Kwa hiyo gari hili linataka spana za aina mbili: mbele milimita, nyuma inchi. Kijana asiyejua huchukua spana ya 15 akaitia kwenye nati ya 9/16, ikateleza, nati ikawa duara kama kokwa. Gari lenyewe linatoka Butiama na mahindi, mihogo, wagonjwa, na mara moja maiti.

Mwaka jana likaanza kugonga. Ukiachia klachi, ko! Ukiondoa mguu kwenye mafuta, ko! Likifika hamsini, sakafu yote inatetemeka hadi unausikia mtetemo kwenye meno. Tukalipeleka Bunda, kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi akaingia uvunguni, akatoka kabla ya nusu sigara kwisha, akatoa hukumu: "Difu limekufa. Tafuteni ekseli nzima." Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya maksai wawili.

Baba mdogo ni mtu anayeweza kubishana na mnunuzi wa pamba mpaka jua lizame. Siku ile aliinamisha kichwa. Abishane kwa neno gani? Na mimi, mhitimu wa kidato cha nne, mtunga riwaya, nilikuwa nimesimama pale na daftari langu kwapani, sina swali hata moja la kumuuliza yule bwana. Maksai wa kwanza aliuzwa mnadani wiki ile ile.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na jaribio lisilogharimu hata senti. Propela ya nyuma imeshikwa na bolti nne huku na nne kule. Ifungue, iweke pembeni, kisha bonyeza kile kitufe cha njano ndani ya gari, fowili iingie. Endesha taratibu, unavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Magurudumu ya nyuma bado yanalizungusha difu. Kama beringi za difu ndizo zinazolia, zitaendelea kulia. Kukiwa kimya, mkamate kwanza propela. Si ushahidi wa mwisho, maana difu lisilobeba mzigo linaweza kujificha. Kwa hiyo mwaga na oili yake, upitishe sumaku, uangalie kama kuna vipande vya meno.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja, fundi wa Nyasho, Musoma, aliyekuja Butiama msibani akasikia habari za maksai. "Lakini, mura," akaniambia, "weka mawe kwanza." Hatukuweka. Tulikuwa na haraka, na tulijua tumevuta breki ya mkono. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Imekaa nyuma ya transfa kesi, inashika mzunguko unaokwenda kwenye propela. Ukitoa propela, umeitoa na breki. Na Butiama ni vilima. Bolti ya mwisho ilipotoka, gari likaanza kuteremka polepole, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, na mdogo wangu akiwa uvunguni. Gurudumu lilisimama kwenye mzizi wa mwembe, shibiri moja tu na goti lake. Hakulia. Alibaki amelala pale anaangalia chuma kilichokuwa juu ya uso wake.

Hiyo nayo siyo fasihi?

Tukaweka mawe, tena makubwa. Kesho yake tukaenda Musoma kwa magurudumu ya mbele, tukapita Makutano, kimya kabisa. Nyasho, mzee aliishika propela kwa mikono miwili akaisokota: krosi ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Vile visindano vya beringi ndani yake vilishageuka unga mwekundu, gresi haijaingia miaka. Hiyo ndiyo ko yetu. Na mtetemo? Propela ina vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno, ili irefuke na kufupika springi zinapocheza. Uma za ncha zote mbili lazima zielekee upande mmoja. Mtu fulani aliwahi kuichomoa, akairudisha akakosea meno. Alama za kulinganishia zilikuwepo, zimefunikwa na tope. Mzee alizikwangua kwa msumari, akanisogezea nione, hakusema kitu. Oili ya difu ilikuwa nyeusi tu; sumaku haikutoa kipande.

Tulinunua krosi moja Mukendo, gresi, na oili ya difu. Pamoja na ufundi, vyote havikuzidi bei ya beberu mmoja mzuri. Ila maksai aliyeuzwa hakurudi. Shamba lililimwa kwa maksai wa kuazima, likachelewa.

Wapo watakaosema: si mliuze hilo bati? Defender ya zamani, mrithi wake, ilikoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, mnahangaika na nini? Hao hao Oktoba 2024 walikuwa Arusha kwenye tamasha la Land Rover, wanapiga picha. Sina neno na tamasha. Lakini gari la baba mdogo halikuoshwa kwa ajili ya picha, na hakuna atakayetukopesha Toyota.

Wapo pia mainjinia wa kijiweni: "Injini ya Toyota ina nguvu, fungeni haf shafti ngumu." Ndiyo, haf shafti zetu ni nyembamba, za meno 10, hukatika, ndiyo maana 109 za baadaye zilipewa difu nene la Salisbury. Lakini ukiweka chuma kigumu mahali pamoja, uvunjikaji unahama. Leo inakatika haf shafti, unaivuta kwa kufungua bolti za kitovuni bila hata kutoa gurudumu. Kesho litasagika difu, keshokutwa giaboksi, na hapo tafuta maksai wengine. Dawa ya bei nafuu iko kwenye mguu: usiachie klachi kwa fujo ukiwa matopeni kwenye gia nzito. Na ukifika lami, toa fowili, maana gari hili halina difu la katikati. Mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kisalimu amri.

Turudi kwa mshikaji wangu. Mwalimu, aliyezaliwa Butiama hiyo hiyo mwaka 1922 na kuzikwa hapo 1999, alimtafsiri Shakespeare huku akiwa Rais. Mabepari wa Venisi kilitoka 1969. Wadai wa Venisi, mahakama yao, na ile ratili ya nyama, vyote alivipatia Kiswahili. Sisi tunashindwa kuandika krosi? Tena neno lenyewe tayari lipo, lina matope yake, kila utingo wa Bunda analo mdomoni. Yule fundi hakutushinda kwa spana. Alitushinda kwa neno moja, difu, kwa sababu nyumba nzima, pamoja na mwandishi wake, haikuwa na la pili la kumrudishia.

Kwa hiyo sura ya pili siifuti. Ikikataliwa, nitaituma tena na uma za propela zimeelekezwa vizuri zaidi. Chini ya kiti cha baba mdogo sasa kuna haf shafti moja ya mtumba imefungwa kwenye gunia, na mawe mawili. Mawe hayo hupangwa na mdogo wangu peke yake. Hataki mtu mwingine ayaguse.