Kabla ya kuipigia Sukhoi makofi

Wandugu, kila mara Sukhoi ikipita juu, gurupu zetu za WhatsApp zinajaa makofi. Mutu iko Kinshasa ao Kisangani, anatuma video, anaweka bendera na moto: "Wakione!" Naelewa. Miaka mingi tumeona paka jeshi linalorudi nyuma, basi kitu cha Leta kinachonguruma angani kinatia moyo. Lakini mama mwenye shamba Nyabiondo, akisikia ule mlio, anajiuliza kitu kimoja tu: inaangusha wapi?

Tuijue kwanza hii ndege. Su-25 iliruka mara ya kwanza mwaka 1975, Umoja wa Kisovieti, na ikapigana sana Afghanistan. Si ndege ya kufukuzana na ndege zingine, kama wengi wanavyosema. Ilitengenezwa juu ya kazi moja: kushuka chini na kupiga vifaru na mitaro ya adui mbele ya askari wake. Rubani anakaa ndani ya sanduku la titani linalozuia risasi. Mbele iko na mzinga wa milimita 30, na chini ya mabawa nafasi 10 za kutundika, nyingi ni za roketi na mabomu. Zetu zilinunuliwa Georgia kama mwaka 1999-2000, wakati wa vita vya Mzee Laurent-Désiré Kabila. Yaani ziko na umri wangu. Tofauti ni kwamba mimi nina diploma ya umeme na sina kazi, zenyewe zina mafundi wageni wa kampuni ya Agemira. Hiyo ni habari ya siku ingine, ila inauma.

Shida yenyewe ni hii. Ndege ya kusaidia askari wa mguu inahitaji mutu chini, mwenye redio, anayemwambia rubani: sisi tuko hapa, adui iko pale, kile kijiji usiguse. Masisi nani anafanya hiyo kazi? Mlima mmoja unaweza kuwa na FARDC, makundi mawili matatu ya Wazalendo, M23 upande wa pili, na katikati watu na viazi vyao na ng'ombe. M23 hawaji na safu ya vifaru kwenye uwanja wazi. Wanatembea usiku, wanakaa ndani ya vijiji. Sheria ya 2023 ya akiba ya jeshi iliwapa Wazalendo mahali kwenye karatasi, lakini karatasi haigawi redio moja kwa wote. Na rubani anapita mlima kwa sekunde chache. Kutoka kule juu, kijana anayebeba mfuko wa koltani Rubaya na kijana anayebeba masasi wanafanana kabisa.

Matokeo tumeyaona. Rubaya ilianguka mwisho wa Aprili 2024, Masisi-centre tarehe 4 Januari 2025, Goma tarehe 27 mwezi uleule, Walikale-centre tarehe 19 Machi. Sukhoi zilikuwepo. Droni za CH-4 kutoka China zilikuwa zimefika tangu 2023. Na M23 walipotoka Walikale mwanzoni mwa Aprili, wenyewe walisema ni juu ya mazungumzo.

Tena hali imekuwa mbaya zaidi. Goma ilipoanguka tulipoteza uwanja wa ndege, na Kavumu ikafuata tarehe 14 Februari. Ndege ikitoka Kisangani, mpaka Walikale ni karibu kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Ikifika, mafuta hayaruhusu kuzunguka mara mbili kuangalia vizuri. Halafu kuna woga wa makombora: tarehe 24 Januari 2023 Rwanda iliipiga moja ikielekea kutua Goma, ikafika chini na moto kwenye bawa. Rubani anayeogopa kombora anapanda juu, na akipanda juu jicho linaona kidogo.

Walikale walizoea ndege za aina ingine: zile ndogo zilizokuwa zinatua kwenye barabara ya lami Kilambo, kuchukua kasiterite ya Bisie. Utajiri haukubaki kwetu, sawa, lakini ule mlio haukuwa wa kukimbilia porini.

Msinielewe vibaya. Sisemi M23 waachiwe. Wamekuja na jeshi la Rwanda, wataalamu wa UN wameandika hivyo mara nyingi, na kujificha kati ya nyumba za watu ni kosa lao. Lakini bomu la Leta limenunuliwa na kodi ya yule mama wa Nyabiondo, kwa hiyo ni Leta inayopaswa kumjibu.

Basi tuombe nini? Jeshi litangaze kila shambulio la ndege na droni: siku, mahali, kilichopigwa. Maneno ya "tumewasambaza adui" hayatoshi. Raia akikufa, auditora ya jeshi ifungue dosie, familia ijue nani aliamuru na ipewe malipo. Wabunge wetu wa Walikale wamuite waziri wa ulinzi na kumuuliza hayo mbele ya inchi yote, si kwenye hoteli.

Na sisi kwenye simu: video ingine ikifika, kabla ya makofi uliza ni wapi, saa ngapi, nani anaishi pale. Jina la aliyerekodi usiulize, huyo bado iko kule.