Miguu Tunayo, Karatasi Hatuna

Kila Michael Olunga akiifungia Harambee Stars, utamsikia mtu barazani Msambweni akisema: "Huyu wa kawaida tu. Hapa kwetu wapo wanaomshinda." Wenzake wataitikia. Atatajwa kijana fulani mwenye guu la kushoto la ajabu, na mwingine aliyekuwa akikimbia mchangani kama yuko kwenye lami. Halafu kahawa itamiminwa tena, na habari itaishia hapo.

Mimi sibishi kuhusu kipaji. Kutoka Diani mpaka Vanga kipaji hakitafutwi kwa tochi; nenda ufuoni maji yakitoka, utajionea. Ninachokataa ni hii tabia ya kujiliwaza nacho, kana kwamba kipaji peke yake ndicho kilichompeleka Olunga kote alikokwenda. Si kweli. Alipelekwa na miguu na karatasi. Miguu tunayo. Karatasi hatuna, na hakuna anayeona haya kwa hilo.

Hebu tuifuate safari yake. Alianzia Tusker, mwaka 2014 akatolewa kwa mkopo Thika United, na 2015 akavaa jezi ya kijani ya Gor Mahia. Mabao 19 ya ligi, na Gor wakamaliza msimu bila kupoteza mechi. 2016 yuko Sweden, Djurgården: mabao 12. 2017 yuko China, Guizhou Zhicheng, na mwaka haujaisha ashafika Hispania kwa mkopo, Girona. Januari 2018 akawatwanga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja. Kisha Japani, Kashiwa Reysol. Tarehe 24 Novemba 2019 alifunga mabao manane peke yake, Kashiwa wakiwanyuka Kyoto Sanga 13-1. Mwaka uliofuata alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28, na mchezaji bora wa ligi nzima. 2021 akatua Qatar, Al-Duhail. 2025 akahamia Al-Arabi, papo hapo Doha.

Sasa isome orodha hiyo tena, lakini mara hii kama karani, si kama shabiki. Kila nchi aliyoingia, shirikisho la kule alikotoka lilibidi litoe cheti cha uhamisho. Kila klabu ilitaka mkataba, vipimo vya afya, pasipoti, kibali cha kazi. Na nyuma ya hayo yote kuna karatasi moja inayomfuata mchezaji popote: rekodi ya usajili wake, inayosema alikuwa klabu gani, msimu gani, tangu alipofikisha miaka 12. Hiyo nayo inaitwa pasipoti, pasipoti ya mchezaji. Hapo ndipo penye pesa, na hapo ndipo Msambweni haipo.

Wapo wanaomcheka straika anayehamahama. Eti hana makao, anafuata pesa, leo China kesho Uarabuni. Wasichojua ni kwamba kuhama kwake ndiko kunakoweza kuwalipa waliomlea. Kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa vilabu vyote vilivyomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Ndiyo malipo ya mshikamano. Hayaishi na uhamisho wa kwanza. Akiuzwa mara tano, hulipwa mara tano.

Tupige hesabu, maana bila hesabu haya yatabaki porojo. Chukua kijana aliyelelewa na timu moja ya Msambweni tangu miaka 12 hadi 18, halafu siku moja huko Ulaya akauzwa kwa euro milioni 1. Asilimia 5 ni euro 50,000. Misimu minne ya kwanza, yaani 12 mpaka 15, kila mmoja hupewa asilimia 5 ya fungu hilo: euro 2,500 mara nne. Kuanzia msimu wa 16 kila mmoja hupewa asilimia 10: euro 5,000 mara tatu. Jumla euro 25,000, zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu. Kwa timu ambayo leo inachanga hela ya mpira mmoja, hiyo si bahati nasibu. Ni haki iliyoandikwa. Na hapo sijagusa fidia ya mafunzo, malipo mengine wanayodai vilabu mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa.

Lakini kuna sharti. Klabu iwe imesajiliwa chini ya shirikisho, na mtoto awe amesajiliwa katika klabu hiyo. Timu ya mtaani isiyo na jina kwenye daftari lolote haina cha kudai. Kwa macho ya kanuni, huyo mtoto hakulelewa na yeyote. Alidondoka kutoka mbinguni akiwa na miaka 18, siku klabu ya Nairobi au Mombasa ilipoandika jina lake.

Vuka mpaka wa Lunga Lunga umtazame Mbwana Samatta. Mtoto wa Mbagala, akapita African Lyon, akapita Simba, 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi na 2015 akabeba nayo ubingwa wa Afrika. Akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Baadaye Fenerbahçe, Antwerp, Genk tena, PAOK, Le Havre. Watu Mbagala wanajivunia, na wana haki. Lakini anapouzwa, kanuni haiulizi Mbagala inajivunia kiasi gani. Inauliza klabu gani ilikuwa na jina lake. Fahari ya mtaa haina akaunti ya benki.

Cha kuudhi ni kwamba sisi wa Msambweni, kuliko watu wengi nchini, tunajua uchungu wa kukosa karatasi. Wamakonde wa Makongeni waliishi hapa vizazi kwa vizazi bila kitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotoka Kwale kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai uraia wao. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Ndugu zetu Wapemba wa Shimoni na Vanga walisubiri mpaka 2023. Katika miaka hiyo yote, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa angewezaje kusajiliwa mchezaji? Angekuwa na mguu wa dhahabu, asingepita hata kivuko cha Likoni cha ofisini. Basi watu waliotembea kwa ajili ya karatasi wanapataje kulala kwenye hii nyingine?

Na tunajua pia uchungu wa mgao. Mgodi wa Base Titanium ulianza kusafirisha madini 2014, ukafunga kazi Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iliandika asilimia 10 ya mrabaha kuwa ya jamii ya eneo la mgodi. Tumeipigia kelele asilimia hiyo kwenye mabaraza, redioni, kwenye kampeni. Safi kabisa, ipigiwe kelele. Ila madini yanaisha, mashimo yanabaki. Watoto hawaishi. Kila mwaka kundi jipya linafikisha miaka 12, na asilimia yao hakuna hata mmoja anayeiulizia.

Badala yake tunapewa kombe. Unalijua: uchaguzi ukikaribia, mheshimiwa analeta mashindano, jezi zina sura yake kifuani, mshindi anapata mbuzi, wa pili anapata mpira. Spika zinanguruma, MC anakaukiwa na sauti, picha zinapandishwa mtandaoni. Jioni mbuzi ashaliwa. Muulize mheshimiwa swali moja tu: kati ya vijana 300 waliocheza kombe lako, wangapi wamesajiliwa na shirikisho? Atakuambia habari ya vipaji. Wanasiasa wanapenda sana neno kipaji, kwa sababu kipaji hutoka kwa Mungu na hakihitaji bajeti.

Kombe likiisha, anaingia yule mwingine: "ajenti". Ana simu mbili na picha aliyopiga na mchezaji maarufu. Anamwambia mzazi kwamba mtoto wa miaka 15 ana nafasi Ulaya, zinahitajika hela za kuharakisha visa. Mzazi anauza ngalawa. Mzazi huyo angejua mambo mawili tu, ngalawa ingebaki majini. La kwanza, FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. La pili, wakala halali ana leseni, na riziki yake hutoka kwenye mkataba ukishasainiwa, si kwenye mfuko wa mvuvi. Karatasi si ya kudai pesa tu. Ni ngao pia.

Najua majibu yatakayokuja. Kwamba usajili una gharama. Kwamba ofisi ziko mbali. Kwamba shirikisho lenyewe lina vurugu zake, hadi FIFA ikaifungia Kenya Februari 2022 na kuifungulia Novemba. Yote kweli. Lakini hata Olunga hakupata shirikisho la malaika. Alitokea kwenye mpira huu huu, wa viongozi hawa hawa wanaogombana. Tofauti ni kwamba alipoondoka, kulikuwa na vilabu vyenye majina.

Lipo jibu jingine, na hili ndilo linaloniudhi zaidi: "Kwani Msambweni tumeuza nani nje, mpaka tuhangaike?" Hiyo ni sawa na kusema hupandi mnazi kwa sababu huna nazi. Ukikumbuka kumwandikisha mtoto akiwa na miaka 18, ile sita ya nyuma utaithibitisha kwa nini? Kwa picha za simu? Kwa ushahidi wa mzee wa barazani?

Kinachotakiwa hakihitaji uwanja wa nyasi bandia. Timu ipate katiba, viongozi watatu na akaunti, isajiliwe, ijiunge na tawi la shirikisho Kwale. Kila mtoto wa miaka 12 aandikwe jina, tarehe ya kuzaliwa na msimu. Asiye na cheti cha kuzaliwa atafutiwe kwanza, kabla ya viatu. Kaunti inayopata bajeti ya michezo ilipie usajili wa watoto kabla haijanunua vikombe. Na wewe kijana wa Ukunda au Msambweni mwenye laptop, unayeweza kujaza fomu za mtandaoni usiku kucha ukitafuta kazi, nenda kwenye timu ya mtaa wenu uwe karani wao. Kocha wanaye. Mashabiki wanao. Karani ndiye hayupo.

Mheshimiwa akija na mbuzi, mpokeeni mbuzi. Lakini kabla hajachinjwa, mwekeeni mheshimiwa mezani orodha ya watoto wasiosajiliwa na gharama ya kuwasajili, mbele ya spika zake mwenyewe. Akilipa, mshangilieni. Akianza habari za vipaji, mwambieni vipaji tunavyo tangu zamani, hatukumwitia hivyo.