Paukwa bila Pakawa

Wiki hii ni Python, lakini tunaanzia kwa Bibi yangu wa Mombasa.

Nilimrekodi kwa simu nikiwa hapa kwetu Lusail, saa mbili nzima, akisimulia safari ya Babu kuja Ghuba. Nilizima maikrofoni yangu ili nisimharibie. Feni yake, lo, kelele tupu! Nikaandika programu ndogo ya terminali inayoita ffmpeg isafishe sauti. Faili fupi zilipita. Ya Bibi ikaganda katikati. Nikarudia, ikaganda palepale. Nikailaumu laptopu yangu, ambayo kweli ni nzee.

Kumbe kosa ni langu. ffmpeg hutoa taarifa zake kwenye stderr. Sikutaka zivuruge skrini yangu, basi nikaandika stderr=PIPE, nikaita wait() na kukaa. Kwenye Linux bomba hilo kwa kawaida hubeba baiti 65,536 tu. ffmpeg inaandika kila nusu sekunde. Bomba likijaa, inasimama mpaka mtu asome. Mimi nasubiri imalize, yenyewe inasubiri nisome. Ni sawa na msimulizi aliyesema "Paukwa!" na hakuna wa kujibu "Pakawa!"

Dawa ni kusoma huku inaandika:

p = subprocess.Popen(amri,
    stdin=subprocess.DEVNULL,
    stderr=subprocess.PIPE,
    text=True)
for mstari in p.stderr:
    onyesha(mstari)
p.wait()

Usiache text=True: ffmpeg huandika maendeleo juu ya mstari uleule kwa \r, na Python hapo huihesabu kuwa mwisho wa mstari. Wala usiache DEVNULL. Bila hiyo, ffmpeg inasoma kibodi yako. Mimi nilibonyeza q nifunge menyu, ikakatisha kazi yote.

Jana ikamaliza. Nikavaa vipokea sauti, nikasikia nisichokisikia siku ile: "Upo, mwanangu?" Kimya. "Upo?" Mara tatu. Halafu Bibi anafupisha: "Basi, ndiyo hivyo, akarudi."

Miaka yote ya Babu huku, kwa sentensi moja.

Saa za Doha na Mombasa ni zilezile, kwa hiyo sina kisingizio. Ijumaa nampigia tena, maikrofoni wazi.