Maji yapimwe kabla ya viwanja

Matangazo ya viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam yanafanana: vimepimwa, barabara zimechongwa, eneo ni tambarare. Lakini ardhi ya Goba au Madale haikuumbwa tambarare. Greda limekata kilima, kifusi kikasukumiwa korongoni, miembe na mikorosho ikang'olewa, kisha bikoni zikasimikwa kwa mistari iliyonyooka. Masika yakianza, maji hurudia njia yake ya zamani na kukuta imekuwa sebule ya mtu.

Hasara yake inajulikana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na waathirika wa Bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mito mikubwa walau inaonekana ramanini. Inayosahaulika ni mikondo midogo ya msimu, ambayo mnunuzi akija kiangazi haoni kitu zaidi ya vichaka.

Wapo walioanza na mikondo hiyo. Kaskazini mwa Houston, Marekani, tajiri wa mafuta George Mitchell alitaka kujenga mji ndani ya msitu wa misonobari, akamwita mtaalamu wa mandhari, Ian McHarg. Kikosi cha McHarg kilianza kwa kuchunguza udongo. Palipokuwa na udongo wa kichanga unaonyonya maji paliachwa wazi. Nyumba zikasogezwa kwenye udongo usiopitisha maji. Mji huo, The Woodlands, ulifunguliwa 1974. Mvua kubwa za 1979 na 1994 ziliacha madhara madogo katika vitongoji vya mwanzo. Mbinu hiyo ilipokuja kuachwa na kurudiwa mifereji ya kawaida, mafuriko yakaingia.

Katika jimbo la California, mjini Davis, Michael na Judy Corbett walijenga Village Homes katika miaka ya 1970: zaidi ya nyumba 200 kwenye hekta zipatazo 24. Hakuna mtandao wa mabomba ya maji ya mvua. Nyuma ya nyumba hupita vibonde vyenye nyasi, vilivyowekewa vizuizi vidogo ili maji yapunguze kasi na kuzama ardhini. Maofisa wa mji walitilia shaka mpango huo hadi wakadai dhamana ya fedha. Vibonde vikafanya kazi, na fedha iliyookolewa kwenye mabomba ikagharimia miti na bustani.

Mwenye mradi atauliza ni viwanja vingapi vitapotea. Ana haki ya kuuliza, maana kila kiwanja ni fedha.

Lakini ramani ya makazi hudaiwa maeneo ya wazi hata hivyo, na mara nyingi hutengewa kipande kilichobaki baada ya viwanja kugawanywa. Yahamishiwe kwenye mkondo. Uwanja wa mpira ukijaa maji kwa siku mbili za masika, hakuna anayelala nje.

Halmashauri zinaweza kuanza na sharti moja: ramani isiyoonyesha miinuko, mikondo ya msimu na miti mikubwa irudishwe kwa aliyeileta. Na kabla greda halijawashwa, aitwe mkulima aliyeuza shamba hilo, aonyeshe maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalipita wapi.